Matanga ya duka la vitabu

Wiki ya mwisho duka lilijaa watu kuliko nilivyopata kuliona likiwa hai. Lilikuwa tawi la kampuni moja ya Nairobi, upande wa Nyali, Mombasa, ndani ya jengo la maduka, na mlangoni palitundikwa kitambaa chekundu cha kutangaza nusu bei. Nilikwenda kwa tamaa kama wengine. Kwenye rafu za riwaya pamebaki vitabu vya kufundisha utajiri, ambavyo hata mwenye duka havikumfaa kitu, na bwana mmoja aliyeshika utepe wa kupimia. Vitabu hakuvitazama. Alikuwa akipima rafu. Ana duka la dawa Likoni, akaniambia, na mbao kama hizi siku hizi huzipati.

Kwenye kaunta alisimama mama wa makamo na bintiye aliyevaa sare ya shule.

"Jee, mwongozo wa fasihi mnao?"

"Umekwisha, mamangu."

"Mwatuletea lini?"

"Hatuleti tena. Twafunga Jumamosi."

"Ee! Mwafunga? Na sisi tukanunue wapi?"

Kijana wa kaunta alikuwa na adabu zake, lakini mtu aliyebakiza siku nne kazini haogopi tena kumuudhi mteja. "Mamangu, hebu niambie kweli. Mara ya mwisho kununua hapa ilikuwa lini?"

Mama akavuta ushungi mdomoni kuficha kicheko. "Januari."

"Januari hii?"

"Ah, wewe nawe wapekua sana!"

Mazungumzo hayo hayajanitoka. Pwani twayajua matanga. Mtu hukaa miaka mitatu ndani hajatembelewa, siku akizikwa uani hapakanyagiki, na kila aliyekuja ana kisa cha namna alivyompenda marehemu. Ndivyo ilivyokuwa kwa duka lile. Jioni kwenye kahawa mzee mmoja alisema vijana hawasomi. Mwingine akasema ni simu ndiyo iliyoua. Wa tatu, ambaye hata samaki wakipanda bei huona mkono wa Nairobi, akauona mkono wa Nairobi. Wakasikitika, wakaongeza kahawa, na mimi nikasikitika nao.

Lakini kwa heshima zao zote, naona wamemkosea marehemu. Duka lile halikufa kwa sababu Mombasa imeacha kusoma. Lilikuwa duka la shule. Liliishi kwa fedha za shule, na fedha hizo zilipofunguliwa mfereji mwingine, likabaki na rafu na kiyoyozi.

Anayetaka kuona mfereji ulivyopinda arudi 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi. Fedha za vitabu zilitumwa kwenye akaunti za shule, na shule zikaenda kununua madukani. Kwa muuza vitabu ilikuwa kama mvua ya masika. Oda ya shule moja ya Changamwe au Kisauni ilikuwa na uzito kuliko wanunuzi wa riwaya wa miezi kadhaa. Riwaya zenyewe zilikaa dirishani kwa ajili ya sura, kama maua ya plastiki hotelini. Biashara ilikuwa nyuma, kwenye maboksi yaliyofungwa kwa kamba na kuandikwa jina la shule kwa wino mzito.

Mvua ile ilikuwa na tope lake. Aliyewahi kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu anajua hadithi za risiti zilizofika na vitabu visivyofika. Fred Matiang'i akiwa waziri wa elimu, serikali ikaamua kumruka muuza vitabu kabisa: kuanzia Januari 2018 ikanunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, kila mwanafunzi kitabu chake katika masomo makuu. Wauza vitabu walilalamika sana, na walikuwa na haki ya kulalamika, maana wengine walikuwa na bidhaa waliyokopea benki imelala stoo. Ila mimi siwezi kuukasirikia uamuzi ule kwa moyo wote. Nimesoma katika darasa ambalo watu wanne tuligawana kitabu kimoja cha hesabu, na aliyekaa pembeni alikuwa akisoma nusu ya ukurasa, nusu ya pili akikisia. Mtoto wa Mtongwe akipata kitabu chake peke yake, hilo si jambo la kuwekea matanga.

Hapo kabla, sheria ya VAT ya 2013 ilikuwa imekwisha kuvitia vitabu kodi ya asilimia 16. Halafu kulikuwa na suala la jirani. Majengo haya ya maduka hujengwa kumzunguka supamaketi mmoja mkubwa. Yeye ndiye anayewaleta watu, wadogo hula makombo yake. Nakumatt ilipoanza kuishiwa bidhaa 2017, rafu tupu za maziwa ziliwaumiza pia wauza viatu, vinyozi na wauza vitabu waliojibanza pembeni yake. Kufikia Januari 2020, wadai wake walipopiga kura kuivunja, wengi wa wadogo hao walikuwa wamekwisha kuondoka bila kuandikwa gazetini.

Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kuenea madarasani 2019, ungeweza kumrudishia muuza vitabu pumzi. Badala yake uliitajirisha saiba, vile vibanda vya kompyuta na kuchapisha. Tazama saiba yoyote ya Majengo au Bamburi Jumapili usiku: wazazi wamepanga foleni kuchapisha picha za wanyama wa kufugwa, kwa rangi, shilingi kadhaa ukurasa, kazi itakiwe Jumatatu asubuhi. Fedha za elimu hazijapungua mifukoni mwa watu wa Mombasa. Zimebadili njia ya kutokea.

Wamarekani walikuwa na matanga makubwa kuliko yetu, na nilipoyachungulia nikaona kitu kilichonitia haya kidogo. Kampuni ya Borders ilianza 1971 kama duka moja katika mji wa Ann Arbor, Michigan. Ilikua ikawa mnyama mkubwa, na kwa miaka mingi wapenda vitabu wa kule waliichukia, yenyewe na mwenzake Barnes & Noble, kwa kuyameza maduka madogo ya mitaani. Mwaka 2001 Borders ilimkabidhi fisi bucha: mauzo yake ya mtandaoni ikayaweka mikononi mwa Amazon. Mwaka 2011 ikafilisika, ikafunga maduka 399 yaliyokuwa yamebaki, na watu wapatao 10,700 wakapoteza kazi. Waliokuwa wakiitukana wakaja kuilia. Mpaka hapo hawana tofauti na sisi.

Tofauti iko Laredo, mji wa Texas mpakani mwa Meksiko, wenye watu karibu 250,000. Duka lake la pekee la vitabu, B. Dalton, tawi la kampuni ya Barnes & Noble, lilifungwa Januari 2010. Watoto wa shule waliandika barua kwa kampuni kuomba duka lisiondoke. Barua hazikuliokoa, lakini ziliandikwa. Huko Bronx, New York, Barnes & Noble ilifunga duka lake mwisho wa 2016, na watu milioni 1.4 wakabaki bila duka la vitabu vya kawaida. Binti wa hukohuko Bronx, Noëlle Santos, akaitisha changizo mtandaoni, sisi tungesema harambee, na 2019 akafungua duka lake mwenyewe. Duka lenyewe huuza vitabu na mvinyo pamoja, mpango ambao Kibokoni, mtaa wetu wa Waislamu, usingepita, lakini wazo umelipata.

Sensa ya mwaka huohuo wa 2019 ilituhesabu Mombasa watu 1,208,333. Hatuko mbali na Bronx kwa wingi. Hapa petu sikusikia barua hata moja ya mtoto, wala ya mzazi, wala yangu mimi ninayejiita mpenda vitabu. Kwa muda nikadhani hii ndiyo aibu yetu. Baadaye nikajiuliza: ningeandika nini ndani ya barua hiyo? "Tafadhali msiondoke, mnaniuzia mwongozo kila Januari"?

Mtu hulililia kwa barua jambo analoliona ni lake. Duka lile halikuwahi kuwa letu, na hili ndilo lawama yangu kwa waliolisimamia, wala si kodi wala serikali. Rafu zake zilipangwa Nairobi. Kiswahili kilikuwa mwisho kabisa, baada ya kalamu za rangi, jirani ya manila na gundi: kamusi, kamusi ndogo, miongozo, riwaya zilizotahiniwa mwaka huo na nakala zilizobaki za zile zilizotahiniwa mwaka juzi. Niliwahi kumwona mzee wa kanzu na bakora akiulizia diwani ya mashairi. Yule binti aliyekuwa zamu akatazama kompyuta, akamuuliza kwa upole, "Ni ya kidato cha ngapi, mzee?" Mzee akamtazama kama aliyeulizwa kabila la mvua. Akasema, "Ya kusoma tu, mwanangu," akatoka.

Huu ni mji wa Muyaka bin Haji. Huyu alifariki yapata 1840, na mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu na kwenye karatasi za wakusanyaji kina Mwalimu Sikujua mpaka yakachapwa kuwa kitabu Johannesburg mwaka 1940. Johannesburg! Hapa ndipo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiwasema watu wake kwa lugha yao. Mji wenye asili hiyo ukiwa na duka la vitabu ambamo mshairi hana rafu isipokuwa awe kwenye mtihani, basi lile lilikuwa duka lililoegeshwa Mombasa, kama lori linalosubiri zamu bandarini.

Barnes & Noble yenyewe ililijua hili ilipokuwa inaelekea kuzama. Iliponunuliwa 2019, James Daunt aliyekuwa akiongoza Waterstones ya Uingereza alipewa usukani, akawaachia wafanyakazi wa kila duka waamue wenyewe vitabu vya kuweka mezani. Baada ya miaka ya kufunga, kampuni ikarudi kufungua maduka mapya. Simaanishi dawa hiyo ingeponya Nyali. Marekani ina wanunuzi ambao sisi hatuna, na pango la Nyali si mchezo. Ila meneja wa tawi letu hakupewa hata nafasi ya kukosea kwa akili yake mwenyewe.

Na hebu tuangalie walio hai. Katika Kiswahili cha zamani cha huku kwetu, kitabu kiliitwa chuo. Ndiyo maana watoto wa Mombasa mpaka leo huenda chuoni jioni, wala hawakusudii chuo kikuu, na ndiyo maana aliyebobea katika dini huitwa mwanachuoni. Maduka ya vyuo hivyo yapo, Mji wa Kale na pambizoni mwake, membamba, bila kiyoyozi, feni moja inayolalamika. Msahafu wa kila ukubwa, juzuu, Barzanji, vitabu vya fiqhi vyenye karatasi ya manjano, na mbele ya mlango kofia, ubani na tasbihi vinavyolipa pango miezi ya ukame. Ramadhani ikikaribia, na mwezi wa maulidi, huingii ila kwa bega.

Najua utakalosema: na hao pia wanategemea shule, ila shule yao ni madrasa. Kweli. Lakini tazama kinachofuata. Kitabu cha fasihi, mtihani ukiisha, huuzwa kwa wa darasa la chini au hufungiwa maandazi. Aliyejifunza kusoma kwa juzuu huendelea kuufungua msahafu mpaka uzeeni: Yasini usiku wa Ijumaa, khitma ya jirani, mchana wa Ramadhani. Duka la vyuo lina mteja wa miaka sitini. Duka la Nyali lilikuwa na mteja wa muhula. Hapo ndipo hesabu yote ilipo, na hakuna kitambaa chekundu cha nusu bei kinachoweza kuibadilisha.

Wasomaji wa mambo mengine nao hawakuhama mji. Rafiki yangu, mwalimu, hununua riwaya Nairobi kwa simu. Hutuma M-Pesa, kitabu kikapakiwa basi la usiku, asubuhi akakifuata ofisi za mabasi Mwembe Tayari kati ya magunia ya viazi na magodoro yaliyokunjwa. Vijana wengine hupokezana vitabu vizima kwenye simu, faili moja likazunguka watu mia mbili bila mwandishi kupata hata senti. Huo ni wizi, na wanaoufanya wanajua kuwa ni wizi, lakini usiniambie mtu aliyekesha na riwaya kwenye kioo cha simu kilichopasuka hasomi.

Kwa hiyo tumepoteza nini? Kidogo, ila hicho kidogo kinauma. Tumepoteza pa kukutana na kitabu ambacho hukukitafuta. Simu hukupa ulichoomba. Basi huleta ulicholipia. Duka la dini unaliingia ukijua unachokifuata. Palepale Nyali, kwenye kona ya vitabu vya watoto, alikuwa akikaa msichana mmoja wa miaka kumi na miwili hivi, sakafuni, miguu ameikunja, kila Jumamosi wakati mamake akifanya kazi saluni ghorofa ya chini. Alikuwa akisoma kitabu kimoja kwa wiki kadhaa, kurasa arobaini arobaini, na wafanyakazi walijifanya hawamwoni. Niliwahi kuona mmoja akikificha kile kitabu nyuma ya vingine ili kisinunuliwe kabla hajakimaliza. Hili halikuwa kwenye mpango wa kampuni. Lingekuwa ndani ya barua yangu, kama ningeiandika.

Utasema aende maktaba. Tunazo: ya taifa Msanifu Kombo, na ya Seif bin Salim. Ziingie siku ya wiki karibu na mitihani. Utakuta meza zimejaa wanafunzi, kila mmoja na daftari zake alizotoka nazo nyumbani, wamefuata kiti na utulivu ambao nyumbani haupo. Hata maktaba zetu tumezigeuza vyumba vya mtihani.

Lile duka la Nyali lilikaa tupu miezi kadhaa, karatasi za gazeti zikibandikwa kwenye vioo. Sasa limekatwakatwa vibanda sita vya vifuniko vya simu na manukato, kila kimoja kikilipa gudwili yake, yaani ada ya kupewa nafasi.

Mimi nimerudi kwa wauzaji wa kuinama, wale wanaotandika vitabu kuukuu chini juu ya turubai, ukataka kusoma kichwa cha kitabu uuinamishe mgongo. Kuna mmoja karibu na Mwembe Tayari ninayempitia. Mwezi uliopita nilikuta kwake diwani nyembamba, jalada limeng'oka, ndani muhuri wa maktaba ya shule moja ya kisiwani na kadi ya kuazimia yenye majina matatu tu.

"Bei gani?"

"Mia mbili, shekhe."

"Na mia?"

"Mia na hamsini, usinipigie kelele." Kisha akasita, akakichukua tena mkononi mwangu. "Ila hiki nilikuwa nimemwekea mzee mmoja wa Kuze. Hupenda hivi vya mashairi. Wiki ya pili hii hajapita."

Nikamwambia basi kiache, atakuja. Akafikiri. Akakifuta vumbi kwa kiganja, akanipa, akatoa simu yake mfukoni kuniomba namba, ili mzee akija amwambie kitabu kiko kwa nani.